Kwa nini broila hulishwa mafuta ya mimea, na lini mafuta hayo huwa hasara

Kila bei ya chakula cha kuku inapopanda, ujumbe uleule wa sauti hurudi kwenye magrupu ya wafugaji: zikibaki siku kumi kuku wako waingie sokoni, wamwagie mafuta ya kula kwenye chakula, utaona watakavyojaa. Wengine huenda mbali zaidi, wakatia kijiko kwenye maji ya kunywa. Upande wa pili wa biashara, kwenye meza ya muuza kuku, mama anabonyeza kifua cha broila, anaona shahamu ya njano karibu na mkia, anauliza: "Kaka, hawa mmewalisha nini? Nasikia siku hizi mnawapa mafuta." Muuzaji anakana kwa kiapo, kama mtu aliyetuhumiwa kutia sumu.

Mmoja anayaona mafuta kuwa dawa ya siri, mwingine sumu ya siri. Ukweli ni kwamba viwanda vya chakula cha kuku vimetumia mafuta kwa miongo mingi, kazi yake inajulikana, na hakuna cha kuficha. Ila kazi hiyo ina masharti, na masharti hayo ndiyo yanayoachwa nje kila ujumbe unaposambazwa.

Kwanza tuelewane maneno. Mafuta ya mimea ni yale yanayokamuliwa kwenye mbegu au tunda: alizeti, soya, pamba, mahindi, mawese. Nishati ni nguvu ambayo kuku anaipata kwenye chakula, nayo hupimwa kwa kilokalori. Protini ndiyo inayojenga nyama yenyewe. Fikiria ujenzi wa nyumba: nishati ni chakula cha mafundi, protini ni matofali. Fundi mwenye njaa hajengi hata tofali zikijaa uwanja. Na ukimletea sahani tano za wali huku tofali zimekwisha, atakula, atashiba, ataketi kivulini, ukuta utabaki pale pale. Mfano huu ushike, tutaurudia.

Hesabu ya kiwandani

Kilo moja ya mahindi humpa kuku takriban kilokalori 3,350. Kilo ya mashudu ya soya, yaani makapi yanayobaki soya ikishakamuliwa mafuta, humpa kama 2,400. Kilo ya mafuta ya soya au alizeti humpa kiasi cha 8,800. Chokaa, DCP (madini ya kalisi na fosforasi) na chumvi hazimpi nishati hata kidogo.

Sasa changanya kilo 100 za chakula kwa njia ya kawaida: mahindi kilo 60, mashudu ya soya kilo 34, na kilo 6 zilizobaki ziwe madini, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini ya dukani) na vikorombwezo vingine. Protini itafika karibu asilimia 20, ambayo inamfaa broila wa umri wa kati. Nishati je? Mahindi yanaleta 201,000, soya 81,600. Gawanya jumla kwa kilo 100, unapata kilokalori 2,826 kwa kilo. Broila wa kisasa hutengenezewa chakula chenye kama 3,000 siku za mwanzo, kikapanda hadi 3,100 au 3,200 anapokaribia kuuzwa. Umepungukiwa, na hujakosea popote. Ukiongeza mahindi ili upandishe nishati, protini inashuka. Ukiongeza soya ili kuokoa protini, nishati inashuka.

Hapo ndipo mafuta yanapoingia. Toa kilo 4 za mahindi, weka kilo 4 za mafuta, na chakula kilekile kinapanda hadi zaidi ya 3,040. Kila kilo moja ya mafuta inayochukua nafasi ya kilo ya mahindi kwenye mchanganyiko wa kilo 100 huongeza kama kilokalori 54 kwa kila kilo ya chakula. Gole la kuku, ule mfuko wa chakula shingoni, ni dogo na siku zake za kuishi ni chache. Ni kama begi la safari: halitanuki, kwa hiyo unachagua vitu vyenye thamani kubwa kwa nafasi ndogo.

Yapo na manufaa mengine yanayokuja na mafuta. Yana asidi ya linoleiki, ambayo kuku hawezi kuitengeneza mwilini na anaihitaji kwa kiasi cha asilimia 1 ya chakula, ingawa chakula chenye mahindi mengi kwa kawaida kinamtosheleza. Yanasaidia vitamini A, D, E na K kufyonzwa. Yanapunguza vumbi kwenye vihori. Pia hufanya chakula kipite taratibu zaidi tumboni, hivyo hata virutubisho vya mahindi na soya vinapata muda wa kusagwa vizuri.

Kwa sisi wa Pwani kuna faida moja ninayoithamini kuliko hizo zote. Kuku hatoi jasho. Januari na Februari, Dar es Salaam au Tanga, utamkuta saa nane mchana amepanua mabawa, mdomo wazi, anahema, hataki hata kukitazama chakula. Kusaga chakula ni kazi inayozalisha joto mwilini, na protini na wanga vinazalisha joto jingi kuliko mafuta. Sehemu ya nishati ikitoka kwenye mafuta, kuku anapata nguvu ileile kwa joto pungufu, tena kwa kula kidogo. Haiondoi haja ya banda lenye hewa na maji baridi, lakini inasaidia.

Kosa la kumwagia juu

Angalia tena nilivyosema: toa mahindi, weka mafuta. Ujumbe wa sauti hausemi hivyo. Unasema nunua mfuko wako wa kilo 50, umwagie mafuta. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha.

Tuseme mfuko una protini asilimia 20 na kilokalori 3,000 kwa kilo. Ukiuongezea kilo 2 za mafuta, sasa una kilo 52. Nishati imepanda hadi kama 3,220. Protini imeshuka hadi asilimia 19.2, kwa sababu mafuta hayana protini hata chembe, na vitamini na madini navyo vimezimuliwa kwa kiwango hichohicho. Kuku aliyekuwa anakula gramu 150 kwa siku alikuwa anapata protini gramu 30. Sasa anashiba nishati ileile kwa gramu 140 tu, na protini anayopata ni karibu gramu 27. Broila wa siku hizi hana kipimo kizuri cha kushiba kama kuku wa kienyeji, kwa hiyo huenda asipunguze kula kwa kiasi hicho hasa. Lakini asipopunguza, ile nishati ya ziada lazima iende mahali.

Inaenda tumboni. Ile shahamu ya njano ambayo mama wa sokoni aliiona karibu na mkia ni wali wa mafundi waliokosa tofali. Mzani unaweza kusoma vizuri kidogo, lakini ukimchinja na kumsafisha, sehemu ya uzito huo unaitupa pamoja na utumbo. Mfugaji amenunua mafuta dukani kwa bei ya mafuta ya kula, akayapitisha kwa kuku, akayatupa kwenye ndoo ya taka. Ukipandisha nishati, pandisha na protini, hasa laisini na methionini, ambavyo ni vijenzi vya protini. Kama huwezi kupandisha vyote, ni heri usiguse mfuko wa kiwandani, maana aliyeutengeneza ameshapiga hesabu hiyo.

Hili nalisema kwa msisitizo kwa wanaojichanganyia wenyewe: kabla hujafikiria mafuta, toa pumba. Nimeona michanganyiko ya broila yenye pumba za mahindi robo nzima, kisha mwenyewe anauliza aweke mafuta lita ngapi ili kuku wakue. Pumba zina nyuzi nyingi na nishati ndogo. Unapotia pumba kwa ajili ya bei rahisi na mafuta kwa ajili ya nguvu, unajaza maji kwenye ndoo uliyoitoboa mwenyewe. Weka mahindi yaliyoparazwa mahali pa pumba, na mara nyingi utakuta pengo lililobaki ni dogo.

Na kuhusu bei kuna kipimo rahisi. Kilo ya mafuta ina nishati mara 2.6 ya kilo ya mahindi. Kwa hiyo kama kilo ya mafuta inauzwa zaidi ya mara 2.6 ya bei ya mahindi, huipati nishati kwa rahisi; unalipia kule kubana nguvu nyingi mahali padogo. Kwa bei za rejareja tulizozizoea, mafuta yanazidi hapo kwa mbali. Bei yake pia haikai mahali pamoja, kwa sababu sehemu kubwa ya mafuta ya kula tunayotumia huagizwa kutoka nje. Mwaka 2022 vita vya Ukraine viliyumbisha mafuta ya alizeti duniani, na mwishoni mwa Aprili Indonesia ikazuia kuuza mawese nje kwa takriban wiki tatu. Aliyekuwa amejenga hesabu ya banda lake juu ya dumu la mafuta aliumia bila kosa lake.

Njia ya kuyapata mafuta bila kununua dumu ipo, nayo ni soya nzima iliyokaangwa. Punje ya soya ina mafuta kama asilimia 18 hadi 20 na protini zaidi ya asilimia 35, tofali na wali kwenye gunia moja. Kilo 15 za soya nzima kwenye mchanganyiko wa kilo 100 zinabeba kilo 2.7 za mafuta au zaidi kidogo. Sharti lake ni moto: soya mbichi ina vizuizi vinavyomzuia kuku kusaga protini, na kuku atadumaa ukimlisha hivyo. Mashudu ya alizeti yanayotoka kwenye mashine ndogo za Singida na Dodoma nayo hubaki na mafuta ya kutosha, kwa kuwa mashine hazikamui hadi mwisho, ila maganda yake huleta nyuzi nyingi, kwa hiyo kwa broila yatie kwa kiasi.

Si kila mafuta, na si kila umri

Umewahi kuosha sufuria ya pilau kwa maji baridi bila sabuni? Mafuta yanahama tu kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Tumboni mwa kuku sabuni ipo: ni nyongo, ule mfuko wa kijani tunaouogopa kuupasua tunapochinja. Nyongo huyapasua mafuta yawe matone madogo, kisha kimeng'enya cha mafuta hufanya kazi yake. Kifaranga wa wiki ya kwanza ana vyote viwili kwa uchache. Anaanguliwa na kiini cha yai tumboni kilichojaa mafuta, lakini mafuta hayo huingia kwenye damu kwa njia nyingine. Yale ya kwenye kihori bado hajawa na uwezo nayo. Ndiyo maana chakula cha kuanzia huwekwa mafuta kidogo, asilimia 1 au 2, na kiwango hupanda kadiri anavyokua. Kwenye chakula cha unga, ukipita asilimia 4 au 5 kinaanza kushikana na kuganda kwenye vihori.

Aina ya mafuta nayo ina uzito wake. Alizeti na soya hubaki majimaji hata asubuhi ya baridi ya Njombe, na husagwa kwa urahisi. Mawese, ambayo nusu yake hivi ni mafuta ya aina inayoganda, humshinda kifaranga, ingawa kuku wa wiki ya tatu na kuendelea anayamudu vizuri. Mafuta ya ng'ombe ni magumu zaidi. Mafuta yanayoganda yana tabia nyingine: yakikutana na chokaa tumboni, sehemu yake hugeuka sabuni ngumu isiyoyeyuka, ikatoka na kinyesi. Unapoteza mafuta na kalisi, yale madini ya kwenye chokaa, kwa pamoja. Watu wa Kigoma, mliozungukwa na mawese, msiyaache kwa sababu hiyo. Yaanzeni kuku wakishakua, au changanyeni nusu kwa nusu na ya alizeti. Yale mekundu yasiyosafishwa yana karotini nyingi, ambayo kuku huigeuza vitamini A.

Kwenye mafuta ghafi ya pamba naomba tahadhari. Mbegu ya pamba ina gosipoli, kemikali inayodhuru kuku, na mafuta ambayo hayajasafishwa kiwandani huibeba.

Hakuna hata moja kati ya haya linalofaa kwenye maji. Mwaga kijiko kwenye kinyweshaji uone: yanaelea juu, kifaranga wa kwanza anapata mdomo mzima wa mafuta, wa kumi anapata maji matupu, na wote wanatoka na manyoya ya shingo yaliyonata. Jioni kinyweshaji kina utelezi ambao maji peke yake hayautoi.

Mafuta ya chipsi

Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko mengine. Mafuta mapya ni ghali, na jirani yuko muuza chipsi mwenye ndoo ya mafuta meusi anayotaka kuyamwaga. Anakuuzia kwa bei ya kutupa. Mafuta si mafuta tu?

La. Mafuta yaliyochemshwa siku baada ya siku yamevunjika. Yamekutana na moto na hewa, yakachacha, yakatengeneza vitu vinavyochoma utumbo wa kuku na kula vitamini E iliyomo kwenye chakula. Vifaranga waliokosa vitamini E hushindwa kusimama sawasawa. Kichwa kinapinda, wanaanguka ubavu, miguu inapiga hewani. Mfugaji anadhani ni kideri, anakimbilia chanjo, huku mgonjwa wa kwanza ni ndoo ya mafuta. Na mafuta ya alizeti na soya, yaliyo bora yakiwa mapya, ndiyo yanayochacha haraka kuliko mawese.

Kuna na lile usiloliona kwa macho. Mwaka 1999 huko Ubelgiji, mafuta yaliyokusanywa kwa ajili ya chakula cha mifugo yalichanganyika na mafuta ya viwandani yenye PCB na dioksini, kemikali zenye sumu. Waliotoa ishara ya kwanza walikuwa kuku: mayai yakapungua, vifaranga wakafa. Ilipofahamika, mayai na nyama ya kuku viliondolewa madukani, mawaziri wa afya na kilimo wakajiuzulu tarehe 1 Juni, na siku chache baadaye serikali ikashindwa uchaguzi. Leo Umoja wa Ulaya hauruhusu mafuta yaliyotumika migahawani kulishwa mifugo wa chakula. Ndoo ya jirani yako haina uwezekano mkubwa wa kuwa na PCB, lakini hujui imekaa wapi, imechanganywa na nini, wala imechemshwa mara ngapi.

Kwa mama wa sokoni

Swali lake linastahili jibu la kweli. Ndiyo, kuku wengi wa nyama hula chakula chenye mafuta ya mimea kidogo. Hayo hayampi lehemu: mafuta ya mimea hayana kolesteroli, na ile iliyomo kwenye nyama kuku anaitengeneza mwenyewe, kama wewe na mimi tunavyoitengeneza. Kinachobadilika ni shahamu yake. Kuku aliyekula alizeti au soya huwa na shahamu laini. Wa mawese huwa nayo ngumu zaidi. Mama akitaka kuipunguza, sehemu kubwa iko tumboni na chini ya ngozi, inaondolewa kwa kisu.

Wala si mafuta yanayomfanya broila akue kwa wiki tano au sita, na wala si homoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichapisha mwaka 2014 matokeo ya kufuga pamoja kuku wa mbegu tatu: ya 1957, ya 1978 na ya 2005. Walilishwa chakula kilekile na kutunzwa kwa namna ileile. Siku ya 56 wa mbegu ya 1957 alikuwa na gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, wa 2005 gramu 4,202. Tofauti yote hiyo ni ya mbegu, uteuzi wa wazazi kizazi baada ya kizazi. Chakula kinamwezesha kuku kufika pale ambapo mbegu yake inamruhusu. Kuku wa kienyeji unaweza kumlisha mafuta mwaka mzima, hatakuwa broila.

Ukishaamua kuchanganya

Pima kwa mzani, si kwa chupa. Lita moja ya mafuta ina uzito wa kama gramu 920, kwa hiyo kilo 2 ni karibu lita 2.2. Changanya kwanza vitu vikavu vyote hadi rangi iwe moja. Chota kilo kama kumi za mchanganyiko huo kwenye beseni, mimina mafuta kidogo kidogo, kisha sugua kwa viganja kama unavyosugua mafuta kwenye unga wa maandazi kabla ya kutia maji: unachota, unafikicha, unaachia. Endelea mpaka usione donge wala doa jeusi la mafuta. Ukiukamata mkononi unashikana kidogo, ukiufungua unasambaa. Ndipo uurudishe kwenye lundo kubwa na kugeuza kwa koleo mara nne au tano.

Usichanganye zaidi ya kile kitakacholiwa ndani ya wiki mbili, na wakati wa joto fanya wiki moja. Dumu lifungwe vizuri, likae kivulini, mbali na bati. Andika tarehe kwenye gunia kwa kalamu ya wino mzito, na kila asubuhi, kabla hujamimina kwenye vihori, chota konzi moja uinuse. Chakula kizuri kinanukia mahindi. Kikinuka kama karanga za mwaka jana au nazi iliyokaa, usiwape kuku.